Wheeler Dealers, Overhaulin', Car SOS, Graveyard Carz: kipi kinamfaa anayefufua gari mwenyewe?

Boneti_Wazi

Wakuu, salaam. Nina Volkswagen Beetle iliyokaa juu ya matofali miaka mingi, kutu imeila chini ya milango yote miwili. Kabla sijashika grainda nikasema nijifunze kwanza, nikamaliza miezi miwili naangalia vipindi vya kufufua magari ya zamani. Naweka nilivyoviona, mnisahihishe.

*Wheeler Dealers* kipo tangu 2003. Mike Brewer ananunua gari, fundi analitengeneza (hadi 2017 alikuwa Edd China), Brewer anaenda kuliuza. Hiki ndicho kilichonipa mwanga zaidi. Edd alikuwa anafungua kitu mbele ya kamera, anakuonyesha kilichokufa, anakwambia kimekufaje, halafu anarudishia. Zile glavu zake za rangi ya chungwa nikiziona popote nazitambua.

*Overhaulin'* ni cha Chip Foose, kilianza 2004. Gari linachukuliwa kwa hila, mwenyewe anaaminishwa limeibwa au limepotea, kumbe nyumbani kwake wanajua kila kitu. Baada ya wiki moja anakabidhiwa gari ambalo halifanani tena na lile. Foose akianza kuchora unaweza kukaa ukatazama penseli tu. Ila kujifunza kazi, sifuri.

*Car SOS*, tangu 2013, ni cha Tim Shaw na Fuzz Townshend wa Uingereza. Mwenye gari mara nyingi anaumwa au maisha yamempiga, gari linaozea gereji, ndugu zake wanaandika barua kuomba msaada. Nimelia mara mbili, msinicheke.

*Graveyard Carz* ni Mark Worman na wenzake kule Oregon, Marekani, na magari ya Dodge, Plymouth na Chrysler. Hawa wanataka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hadi alama za chaki alizoweka mkaguzi wa kiwanda.

Swali langu: kwa mtu mwenye spana, muda wa jumamosi tu na uoga wa kukata bati, kipi afuate? Nawasilisha.

Klachi_Nzito

Umekisahau kipindi cha *Fast N' Loud*. Utani. Wale walichukua Ferrari F40 iliyogongwa, gari ambalo dunia nzima inalijua kwa wekundu wake, wakaipaka nyeusi. Sijawasamehe hadi leo.

FundiMstaafu

Boneti, umelinganisha vizuri ila umeangalia upande mmoja. Umeuliza kipindi gani kinaonyesha nini. Mimi nikikaa mbele ya runinga huwa natafuta walichokata.

Chukua Wheeler Dealers. Mwisho wa kila kipindi wanapiga hesabu: bei ya kununulia, jumlisha spea, toa kwenye bei ya kuuzia, faida hii hapa, wanapeana mikono. Na masaa ya Edd je? Hayamo. Hayajawahi kuwamo. Mtu ameshusha injini, ametoa silinda hedi, amebadilisha bushi zote za mbele, na hesabu inamchukulia kama amepita tu kusalimia. Mpe fundi huyo ujira wa siku kumi uone ile faida inabaki wapi. Nimewapokea vijana wengi waliokuja na gari bovu mkononi na hesabu ya runinga kichwani.

Hata hivyo ningekwambia anzia hapo, misimu ya Edd. Mnakumbuka alivyoondoka mwaka 2017? Alitoa video mwenyewe akaeleza kwamba waliokuwa wanasimamia utayarishaji wanaona kipindi ni kigumu kukitengeneza, na wanataka zile sehemu za gereji zipunguzwe. Yaani kilichokuwa kinatufunza ndicho kilichowachosha.

Klachi_Nzito

Mzee, watu walimshambulia Brewer kwa hilo kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mkasi. Haikuwa haki. Na Ant Anstead aliyemrithi Edd si mbabaishaji, jamaa anajenga gari kuanzia chasisi. Baadaye akaja Marc Priestley, aliyekuwa mekanika wa McLaren kwenye Formula 1. Mikono ipo. Tatizo ni dakika wanazopewa.

FundiMstaafu

Hapo sina ubishi, mwanangu.

Dada_Msasa

Niingie kwenye Overhaulin', maana rangi na bodi ndiyo shughuli yangu.

Wiki moja inawezekana. Weka watu ishirini, zamu ya usiku na mchana, chumba cha rangi chenye joto, na spea zimeshapangwa mezani kabla gari halijafika. Uongo haumo. Kinachokosekana ni kile kinachotokea miezi mitatu baada ya gari kukabidhiwa. Puti, ile ya kuziba mabonde ya bati, ukiipaka leo inaendelea kunywea polepole hata baada ya kuonekana imekauka, na ukiifunika na rangi haraka, mistari ya msasa inakuja kuchungulia baadaye chini ya ule mng'ao. Kamera imeshaondoka.

Mimi mlango mmoja wa gari langu niliupiga praima, ile rangi ya chini, mara tatu. Nilikuwa napuliza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya praima, nasugua kwa msasa uliofungwa kwenye kibao kirefu, na pale weusi unapobaki ndipo penye bonde. Kwa macho hulioni. Kiganja kikipita taratibu, macho yamefumbwa, kinalisikia. Nilianza na msasa mkali wa namba 80, nikaenda 180, 320, nikamalizia na laini wa 600. Jumapili nne, mlango mmoja. Kwenye runinga hiyo ni muziki wa gitaa sekunde kumi na mtu anatokea amejaa vumbi anacheka.

Foose mwenyewe namheshimu sana. Mistari ya gari anaiona kabla haijawepo. Ila usimwangalie ukiwa na gari lako nusu nje nusu ndani, utakata tamaa bure.

Gasketi_72

Mimi Car SOS siwezi. Fuzz ni fundi kwelikweli, na kwa wasiojua jamaa alikuwa mpiga ngoma wa bendi kabla ya haya. Tatizo ni yule Tim akivaa mawigi kwenda kuomba apunguziwe bei ya spea. Nasogeza mbele kila mara.

Dada_Msasa

Kaka, yale mawigi ndiyo yanafanya mama yangu akae tuangalie pamoja. Na angalia vizuri: Car SOS hawaogopi kuonyesha kutu. Wanachoma bisibisi kwenye bati linaloonekana zima, inazama mpaka mpini. Nani mwingine anakuonyesha hilo mara kwa mara?

Mopa_Asilia

Nitetee Graveyard Carz maana mmeipita kama kituo cha basi. Ndiyo, zile kelele na ugomvi wa gereji zinachosha, nusu yake inanukia maigizo. Lakini ni kipindi kilichonifundisha kwamba kabla ya kufungua kitu, unapiga picha. Namba zilizogongwa kwenye vyuma, rangi iliyoruka ikatua pasipotakiwa kiwandani, boliti ipi ilipakwa na ipi iliachwa wazi. Ukishaosha na kusugua, ushahidi umekwenda na maji. Mimi nilisugua kwanza. Leo nabishana na picha za magari ya wengine kujua langu lilikuwaje.

Na kama kuna mtu ana subira, nje ya runinga kuna Project Binky, mfululizo wa video za YouTube. Jamaa wawili wa Uingereza walianza 2013 kuingiza mitambo ya Toyota Celica GT-Four ndani ya Mini ya zamani. Miaka ikapita, walikuwa bado wanachomelea vibati vidogo. Huo ndio mwendo halisi wa kazi.

Boneti_Wazi

Aisee, nimepata zaidi ya nilichoomba. Jumamosi hii nilianza kufungua boliti zinazoshikilia bodi na sakafu. Ya kwanza ikatoka kama siagi, nikajiona Edd. Ya pili nilimwagia mafuta ya kulegeza, nikasubiri, nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana, ikalia kidogo tamu nikadhani imekubali. Kichwa kikabaki kwenye soketi, mwili ukabaki kwenye gari. Hadi giza linaingia nilikuwa bado na drili na boliti ileile.

Sasa niambieni: yale mabomba chini ya milango yamekwisha. Nitoe bodi kwanza ndiyo nikate?

FundiMstaafu

Simamisha drili hapo hapo. Usiitoe bodi. Yale mabomba yanapitisha hewa ya moto kwenda mbele, lakini ndiyo pia yanayoizuia bodi ya Beetle isipinde. Ukiinyanyua yakiwa yameoza, inajikunja katikati na milango haifungi tena.

Acha bodi ikae kwenye sakafu yake. Chomelea vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango, kimoja kikipita kona kwa kona. Kata upande mmoja, umalize kabisa, ndipo uguse wa pili. Milango uiache kwenye bawaba zake, uifunge na kuifungua kila ukichomelea kidogo, yenyewe itakwambia kama umeanza kupinda. Na chukua vipimo vyote kabla ya kukata, uviandike ukutani, karatasi itaungua.

Boneti_Wazi

Ukutani, sawa mzee. Naenda kutafuta chaki.