Kwa miguu Nainokanoka hadi Ziwa Natron: maji, baridi na punda

BintiTemeke
Wadau, habari za muda huu. Tuko wanawake wanne wa kikundi cha kukimbia hapa Dar. Mwezi wa saba tunataka kutembea kutoka kijiji cha Nainokanoka kule Ngorongoro, tupite kreta za Olmoti na Empakaai, tushuke hadi kijiji cha Engaresero karibu na Ziwa Natron, na mwenye nguvu apande Mlima Ol Doinyo Lengai. Wakala anasema mizigo inabebwa na punda na tutalala kwenye mahema porini, hakuna hoteli wala choo cha kuvuta. Mimi nimekulia Temeke, giza la porini nimeliona kwenye runinga tu. Je, hiyo baridi ni kweli au wanatutisha? Maji tunapata wapi? Na bunduki ya askari wa wanyamapori atakayetusindikiza ni ya kazi au ya mapambo? Tafadhali msinijibu "utazoea".

MpishiKaratu
Dada, karibu sana. Mimi ni mpishi wa kambi na njia hiyo naijua, basi nitakujibu nikiwa jikoni.

Anza na maji, mengine yote yanafuata hapo. Olmoti hakuna shida, Mto Munge unatokea kule na ndio unaoteremka hadi ndani ya kreta ya Ngorongoro. Empakaai mtaona ziwa kubwa chini, lakini ni la magadi, maji ya kutazama. Ya kunywa tunayajaza kwenye madumu vijijini. Mkishakiacha kijiji cha Naiyobi mnaanza kushuka kwenye ukame, na kambi ya huko ndiyo inayoninyima usingizi: kila kikombe cha chai kimekuja mgongoni mwa punda. Kwa hiyo muulize wakala punda ni wangapi, na kati yao wa maji ni wangapi. Akikujibu "usijali, dada", muulize tena. Wapo wanaopunguza punda ili chenji ibaki mfukoni. Kuoga sahauni mpaka Engaresero, kule kuna maporomoko.

Begi liwe laini, lisilo na magurudumu. Sogi, yaani mifuko ya mizigo mgongoni mwa punda, lazima lilingane pande zote mbili. Ukileta sanduku gumu, mwenye punda atatafuta jiwe la kusawazisha upande wa pili, na mnyama wa watu atabeba jiwe kutwa nzima kwa sababu ya sanduku lako. Punda pia anajipitisha kwenye miiba ya migunga, begi la gharama acha nyumbani. Halafu wao wanaondoka nyuma yenu, maana sisi tunabaki kukunja mahema na kuosha sufuria. Koti la mvua, sweta, maji, chakula cha mchana na dawa zako vikae mgongoni mwako mwenyewe.

Baridi ni kweli tupu. Kingo za Empakaai zinapita mita 3,000, na mwezi wa saba alfajiri vidole vinakataa kushika kiberiti. Chukua soksi za sufu, kofia ya kuziba masikio, na mfuko wa kulalia mzito. Usikubali blanketi la wakala. Lakini safari hiyohiyo inaishia Natron, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, na huko utatamani kutembea na khanga tupu.

Wanyama: nyati wa msitu wa Empakaai ndiye wa kuheshimu. Mkishuka ziwani askari anatangulia na nyinyi mnanyamaza. (Wanawake wanne wa Dar kunyamaza saa nzima, hapo ndipo nina wasiwasi.) Usiku fisi watalia, ni kawaida yao. Choo ni shimo lenye turubai. Ukibanwa usiku, mulika tochi pande zote kabla ya kutoka. Ukiona macho yanang'aa, rudi ndani umwite askari. Bunduki yake ni ya kazi.

KiguuNaNjia
Mpishi kamaliza, mimi naongeza Lengai tu. Ni mita 2,962, lakini unaanzia chini bondeni, kwa hiyo ni kupanda mwanzo mwisho. Mnaondoka karibu na saa sita usiku ili kukwepa jua. Kuna majivu na mwamba unaomeguka, na wakati wa kushuka utakaa kitako upende usipende. Nunua glavu za mafundi ujenzi, zinatosha kabisa. Fimbo mbili, siyo moja. Ni volkano hai: 2007 ililipuka na kurusha majivu, kwa hiyo ulizeni hali yake kijijini kabla ya kupanda. Lava yake haina mfano duniani, inatoka nyeusi, na baada ya muda mfupi inageuka nyeupe. Mwenye magoti mabovu abaki chini akaangalie ndege heroe ziwani, hana deni na mtu.

MzeeWaLandcruiser
Mnajitesa bure. Mto wa Mbu hadi Engaresero kuna barabara, asubuhi mnatoka, mchana mnakula samaki wa kopo mbele ya mlima.

MpishiKaratu
Mzee wangu, Empakaai hata gari linafika, sibishi. Lakini kutoka Naiyobi kushuka bondeni ni njia ya ng'ombe na punda, na Lengai inakuja mbele yako taratibu tangu asubuhi mpaka unafika miguuni pake. Kwa gari unaikuta tu ipo.

BintiTemeke
Asanteni mno. Nimempigia wakala, nikauliza punda wa maji. Kimya, halafu akasema atanirudia! Swali la mwisho kwa mpishi: mmoja wetu hali nyama. Tubebe maharage?

MpishiKaratu
Msibebe. Kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maharage yatakula gesi na madumu mawili na bado yatakuwa magumu. Leteni dengu zilizoparazwa na karanga za kusaga. Mboga za majani nitanunua Karatu siku ya kuondoka, zinavumilia siku mbili. Na wakala akikurudia, mwambie askari na mwenye punda nao wanakula, waingie kwenye hesabu ya chakula.