Mrejesho: pikipiki niliyoiacha masika yote

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kuhifadhi pikipiki na betri yake nikiwa safarini masika yote. Nimerudi Dar, na imewaka!

Betri niliitoa kama mlivyoshauri, waya wa hasi kwanza, ikakaa ndani pakavu. Mdogo wangu alikuwa akiipima. Ikishuka chini ya volti 12.4 anaichaji taratibu kwa chaja ndogo. Leo imesoma 12.7. Tenki nililijaza hadi juu, halina kutu ndani. Kabureta niliikausha petroli.

Spoku ndizo zimeliwa, maana hapa Kigamboni upepo wa chumvi hauna huruma. Turubai la nailoni nalo limefungia unyevu, natafuta linalopumua. Mkuu uliyesisitiza nipake mnyororo grisi, ubarikiwe sana, hauna hata doa.