Naomba ushauri: panya mdogo ananishinda nyumbani

Assalamu alaikum ndugu zangu. Naishi Mji Mkongwe, katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa yenye dari ya boriti, na hii ni wiki ya tatu panya mdogo ananihangaisha. Jana nilitega mtego kwa kipande cha papa mkavu. Asubuhi niliukuta haujafyatuka, chambo hakipo, na kinyesi chake cheusi, mithili ya punje za mchele, kimetapakaa kando ya pipa la unga. Sumu siitaki kabisa, kwani nina mjukuu anayetambaa, na panya akifia ukutani harufu haiondoki upesi. Kwa kuwa hupenya hata tundu la takriban milimita 6, je, nizibe matundu kwanza, au nimnase kabla sijaziba? Na ni chambo gani asichoweza kukinyofoa kwa urahisi?