Nyie mnaojiita "Wakazi wa Nkuhungu" huko mitandaoni, nani kawatuma mtusemee?

Wakuu habari za jioni. Naandika nimevurugwa kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi nakaa Nkuhungu, Dodoma hii hii. Wiki hii yote nikifungua simu nakuta akaunti zinaposti "Sisi wakazi wa Nkuhungu tunampogeza mheshimiwa kwa kumaliza kero ya maji". TUNAMPOGEZA. Yaani akaunti lukuki, majina tofauti, zote herufi n ya "tunampongeza" imeruka palepale, na dogo mmoja kakopi bila hata kufuta maelekezo ya juu "wadau tuanze kuposti saa 2 usiku msisahau hashtag". Halafu picha sasa, eti umati wa wananchi wa Nkuhungu wakishangilia, nyuma yao MINAZI. Minazi Nkuhungu jamani? Hata kudanganya tu mnafanya kivivu.

Maji yenyewe hayajatoka, tunanunua madumu kwa wenye visima kama kawaida.

Na msiniambie hayo ni mambo ya vijana kujitafutia. Najua bando linatumwa, najua kuna grupu la WhatsApp ambako maneno yanaandikwa na mtu mmoja halafu wengine wanagawana kuposti, huyu anajifanya mama lishe, yule bodaboda, yule mwanachuo wa UDOM, wanapeana laiki wao kwa wao mpaka inaonekana mji mzima umesimama. Wenzetu Kenya yaliwekwa wazi 2021, ripoti ya taasisi ya Mozilla ikaonyesha vijana wa Twitter wakilipwa kama dola 10 hadi 15 washiriki kampeni za kuchafua watu. Na hapa kwetu mwaka huohuo, mwezi wa 12, Twitter walitangaza kufuta akaunti 268 za upande wa Tanzania zilizokuwa zinatumika kuwaripoti kwa hila watu wa FichuaTanzania, kundi la kutetea haki za binadamu, ili wafungiwe. 268! Kwa hiyo hii kitu ina muda, ni kazi ya watu.

Ila kinachoniuma sio hata huo uongo, uongo wa siasa tumeuzoea tangu enzi za kofia na fulana. Kinachoniuma ni kwamba juzi mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima kabisa, karekodi video bomba limekauka na ndoo zimepangwa foleni, kaposti kwa jina lake na sura yake, unajua alichojibiwa? "Umelipwa sh ngapi", "tunajua mnatumwa", wengine wakaripoti kwa wingi mpaka video ikaondolewa. Yani feki anaaminika, mwenye nyumba yake hapa anaitwa feki!! Na ukienda ofisini kulalamika unaonyeshwa simu, mbona wenzako wanashukuru?

Hapo ndipo mchezo ulipo. Wakishajaza wananchi hewa, sisi wa kweli hatuna tena pa kusemea, maana kila sauti inaonekana ya kununuliwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, kifungu cha 16 kinasema taarifa za uongo faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Binafsi siipendi hiyo sheria, ni rahisi sana kumgeukia mnyonge, lakini nauliza tu, mbona sijawahi kusikia chawa hata mmoja, hawa wa kusifia viongozi, ameulizwa hizo pongezi katoa wapi? Ukisifia uongo unakuwa sio uongo?

(Wapinzani nao msichekelee, na nyie mna zenu, zile za "breaking" na barua za kutengeneza zenye mhuri umekaa upande.)

Sasa kama kuna "mkazi wa Nkuhungu" yeyote anasoma hapa, sitaki matusi wala sitaki kujua chama chako. Taja tu kwenu maji ya bomba yanatoka siku gani na dumu moja la kisima mnanunua sh ngapi. Nipo hapa, nasubiri.