Rangi inabanduka kwenye plastiki za ndani ya gari: nimekosea wapi?

Msafiri77 ameuliza:

Habari zenu, ndugu wataalamu. Nilifungua kava za plastiki za upande wa ndani wa milango ya gari langu, pamoja na ile inayozunguka gia, kwa kuwa zilikuwa zimechubuka na kupauka, nikaamua kuzipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Nilizipiga msasa namba 400 hadi zikakwaruzika kote, nikazifuta kwa kitambaa chenye thina, nikapuliza mkono mmoja wa praima ya kijivu, ile itumikayo kwenye mabati ya bodi, kisha mikono mitatu ya rangi. Kazi ilipendeza sana. Baada ya wiki tatu kava ya mlango wa dereva ilianza kuinuka pembeni, nami nilipoigusa kwa ukucha, rangi ikatoka pamoja na praima yake kama gamba la nyoka, plastiki ikabaki tupu kabisa. Kinachonishangaza ni kwamba kava ya gia, iliyofanyiwa kazi ileile kwa makopo yaleyale, haijabanduka hata kidogo. Je, kosa ni la rangi, la msasa, au kuna hatua niliyoiruka? Ningependa kuelewa sababu kabla sijaanza upya.

FundiRangi amejibu:

Ndugu Msafiri77, jibu la swali lako limo ndani ya hilo linalokushangaza. Kava zako hazikutengenezwa kwa plastiki ya aina moja. Zigeuze utazame mgongoni, utakuta herufi zilizochapwa katikati ya vimshale viwili. Naamini ile ya gia itasomeka >ABS< au >PC+ABS<, yaani plastiki ngumu ya ABS, peke yake au ikiwa imechanganywa na polikaboneti (PC), na ile ya mlango itasomeka >PP< au kitu kama >PP-TD20<, maana yake polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20.

Tofauti ya plastiki hizi mbili ni kubwa kuliko macho yanavyoweza kuona. ABS hukubali rangi kwa urahisi, kwa sababu viyeyusho vilivyomo ndani ya rangi huilainisha kidogo juu, na rangi ikaingia na kuumana nayo. Polipropilini haikubali. Nguvu ya uso wake ya kuvuta kimiminika ni ndogo, takriban milinyutoni 30 kwa mita, na viyeyusho vya kawaida haviigusi. Rangi hulala juu yake tu. Chukua kipande kilichobanduka ukigeuze chini ya mwanga: ukiona mistari ya msasa wako imejichora upande wa chini wa praima, basi ujue kwamba rangi iliingia kwenye mikwaruzo, ikajaza kila mfereji, na bado haikushikamana na chochote. Kwa hiyo msasa peke yake hauwezi kuokoa kazi ya polipropilini, na kuukazia zaidi huongeza tu manyoya ya plastiki ambayo baadaye yataonekana chini ya rangi.

Hatua uliyoiruka ni praima ya plastiki, yaani ile dawa isiyo na rangi, nyepesi karibu kama maji, ambayo kwenye kopo huandikwa kuwa inafaa kwa PP na TPO (plastiki ya kunyumbuka ya jamii ya polipropilini). Nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa jamii ya polipropilini yenyewe uliotiwa klorini. Sehemu moja ya utomvu huo hujisokota ndani ya uso wa plastiki uliovimbishwa na viyeyusho maalumu vya dawa hiyo, na ile yenye klorini huipokea rangi inayofuata. Ipulize iwe nyembamba sana, mkono mmoja au miwili ya kulowanisha tu. Wengi huharibu hapa kwa kudhani kwamba ikiwa nene ndiyo itashika zaidi, kumbe tabaka nene hubaki dhaifu katikati na rangi hupasukia humo. Usiipige msasa ikikauka, wala usiiache hadi kesho, bali soma muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni dakika chache, kisha upulize rangi ndani ya muda huo.

Kuna kosa la pili, nalo ni mpangilio. Ulipiga msasa kwanza, ndipo ukasafisha. Plastiki za ndani ya gari hupakwa dawa za kung'arisha zenye silikoni kwa miaka mingi, na ukipitisha msasa juu ya silikoni unaisukuma ndani ya mikwaruzo ambamo kitambaa hakifiki. Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi hasa kwenye vinyweleo vya plastiki, suuza, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta ukitumia vitambaa viwili: kimoja cha kulowanisha, kingine kikavu cha kuondoa kabla haijakauka yenyewe. Hapo ndipo msasa uingie, na baada ya msasa ufute tena. Kisha nyunyizia maji safi: yakitawanyika kama utando, mafuta yametoka. Polipropilini, hata ikiwa safi, hupenda kukusanya maji kuwa matone, kwa hiyo kwenye kava za milango tazama hasa kama kuna madoa ambayo maji yanayakimbia kuliko sehemu nyingine.

Kinyozi_wa_Bodi amejibu:

Nakubaliana na FundiRangi, nami naongeza mambo mawili. Wapo wanaokata kipande na kukitumbukiza majini, wakisema kinachoelea ni polipropilini na kinachozama ni ABS. Kwa plastiki tupu ni kweli, ila talki ile ya asilimia 20 huongeza uzito kiasi cha kuizamisha polipropilini, na kipimo kinakudanganya. Amini maandishi ya mgongoni.

La pili ni la usalama, na naliomba lisomwe kwa makini. Kava yoyote iliyoandikwa SRS au AIRBAG usiipake rangi, iwe kwenye usukani, kwenye dashibodi au kwenye nguzo za kioo cha mbele, kwani kava ya mfuko wa hewa imeundwa ipasuke mahali maalumu. Rangi iliyokauka juu yake inaweza kubadilisha namna inavyopasuka, au kuruka vipande usoni mwa mtu.

Msafiri77 amejibu:

Nashukuru sana. Nimegeuza kava zote: ya gia ni >PC+ABS<, za milango ni >PP-TD20<, na kipande kilichobanduka kina mistari ya msasa upande wa chini kama alivyosema FundiRangi. Je, naweza kuondoa rangi ya zamani kwa asetoni?

FundiRangi amejibu:

Kwenye PP asetoni haitaleta madhara makubwa, lakini usiikaribishe kabisa kwenye kava ya gia, kwa sababu huyeyusha ABS na kuipasua PC nyufa ndogo ndogo. Hiyo ya gia iache ilivyo kama imeshika. Za milango zibandue kwa tepu yenye gundi kali, na palipobaki vipande pitisha msasa wa maji namba 600.

Ukishamaliza kupuliza, mikono miepesi ikipishana kwa dakika kumi hivi, usizirudishe kwenye milango jioni hiyohiyo. Rangi ya kopo huwa kavu kwa kugusa ndani ya saa moja, ila ndani yake bado ni laini, na kucha za abiria wa kwanza zitaichora. Zipe wiki nzima mahali pakavu penye hewa. Kisha, kabla ya kuzifunga, bandika tepu kwenye kona itakayofichwa na mlango, uikandamize vizuri, uivute kwa ghafla. Ikitoka safi, funga kava zako.