Gorila wa milimani: mbona wa Bwindi wanakula matunda na wa Virunga hawali?

Njia_ya_Msitu:
Wakuu, naandaa somo la waongozaji wanafunzi wa upande wa Kisoro. Kuna maandishi yanayosema gorila wa milimani anaishi kwa majani, mengine yanasema anapanda miti kufuata matunda. Msitu wa Bwindi (Uganda) na milima ya volkano ya Virunga (mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo) ziko karibu sana, sasa tofauti inatoka wapi? Protini na chumvi wanapata kwenye nini? Na nitajuaje kundi limekula nini kama sikulikuta likila?

Mtini70:
Maandishi yote ni sahihi, ila kila moja linaeleza msitu wake. Karisoke, eneo la utafiti wa gorila huko Virunga, kati ya milima Karisimbi na Bisoke, iko kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye baridi ile miti ya matunda laini ni haba mno, lakini chini kumejaa chakula mwaka mzima: Galium inayotambaa na kunata, Carduus yenye miiba, seleri mwitu, na Laportea ambayo ukiigusa utajikuna. Kinachobadilika kwa msimu ni machipukizi ya mianzi. Mvua zikishika, makundi hushuka kwenye ukanda wa mianzi na kuyafukua.

Bwindi inaanzia mita 1,160 na kuishia kama 2,600. Kuna miti ya matunda kama mitini, Myrianthus na Chrysophyllum. Matunda yakiiva wanapanda, na mwendo wao wa siku unarefuka. Yakiisha wanarudi kwenye majani, mashina na magome.

Wanafunzi wako waonyeshe pia namna ya kula, maana ndipo penye ufundi. Laportea haibugiwi tu. Gorila hupitisha mkono kutoka chini ya shina kwenda juu, akakusanya majani kwa mkupuo mmoja, akanyofoa vikonyo, kisha akakunja majani ili sehemu inayowasha zaidi ibaki ndani, ndipo akatia mdomoni. Seleri huchunwa ganda kwa meno, ukaliwa moyo wa shina.

Mlo_na_Mwili:
Mkuu, hilo la protini watu hulitazama kinyume. Majani machanga yana protini tele, kwa hiyo gorila haihangaikii. Bwindi, matunda yakiadimika, protini hufika kama asilimia 31 ya nishati wanayokula. Yakiwepo hushuka hadi kama 19. Kinachobaki karibu palepale ni nishati ya wanga, sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Ili waifikie kwa majani inabidi wale mengi, na protini ya ziada inaingia humohumo.

Nyuzinyuzi huchachushwa na bakteria kwenye utumbo mpana, na kazi hiyo inataka muda. Mapumziko marefu ya mchana wageni huyaita uvivu. Waambieni tumbo liko kazini.

Chumvi ndiyo shida halisi, kwa sababu mimea mingi ya huko ina sodiamu kidogo. Bwindi hutafuna magogo yaliyooza. Kwa uzito ni chini ya asilimia 4 ya chakula, lakini yanaleta zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu. Upande wa Rwanda hutoka hifadhini kubandua magome ya mikaratusi, ambayo nayo yana sodiamu. Kwenye migomba wanapasua shina kula moyo wake, ndiyo maana mkulima hupoteza mgomba mzima.

Chekecheke:
Swali la tatu. Nenda kwenye viota vya usiku asubuhi kundi likishaondoka. Kinyesi kwa kawaida kinakuwa ndani ya kiota au pembeni yake. Vaa glavu na barakoa. Pima uzito, osha kwenye chekeche la matundu ya milimita 1, tenga mbegu kwa aina, kisha kadiria wingi wa nyuzi na vipande vya majani.

Makosa ya kawaida: tini moja ina mbegu ndogo nyingi mno, ukizihesabu utadhani walikula tini tu. Andika kama ipo au haipo. Moyo wa shina hauachi alama ya maana kwenye kinyesi, kwa hiyo fuata na njia waliyopita jana, uandike maganda ya seleri na mashina yaliyopasuliwa. Na Bwindi wapo sokwe wanaokula matunda yaleyale. Viota vyao kwa kawaida viko juu mtini, vya gorila vingi viko chini, ila gorila wa Bwindi nao hulala juu mara mojamoja. Ukiwa na shaka, sampuli hiyo iache.

Njia_ya_Msitu:
Shukrani wakuu. Na wale gorila wa nyanda za chini, wa magharibi?

Mtini70:
Hao ni wala matunda hasa kila yanapopatikana. Lopé, Gabon, wanasambaza mbegu za mti wa Cola lizae kwa kinyesi. Mbeli Bai, Kongo-Brazzaville, huingia kwenye uwazi wenye maji kula mimea ya majini. Mchwa na sisimizi pia wamo kwenye mlo wao, kwa hiyo kwenye somo lako usiandike "hali mnyama yeyote".