Nataka kula mboga, matunda na nafaka nzima, ila kwa mfuko wa fundi cherehani wa Ngamiani

Fundi_Ngamiani ameuliza:

Habari za humu jamani. Mie ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga mjini. Shida yangu ni mchana. Asubuhi nakuwa mzima, nakata vitambaa, napiga soga na wateja, sina neno. Ikigonga saa nane mwili unakata. Macho yanajifunga nikiwa nimeinamia mashine, na sindano ya cherehani haimjui mwenye usingizi.

Chakula changu ndicho hiki, nisiwafiche. Asubuhi chai ya sukari ya kutosha na mahamri. Mchana wali maharage kwa mama lishe wa jirani, siku nyingine chipsi kavu na soda. Usiku ugali wa sembe na samaki wa nazi. Mboga ya majani ipo, ila ni kijiko kimoja pembeni ya sahani. Matunda ni mpaka maembe yajae mitaani.

Sasa nina mteja, mama mmoja wa Raskazone, kila akija kupima ananiambia tangu ashike vyakula vya mimea tu, vibichi, visivyopita kiwandani, amekuwa mwepesi na hajui uchovu. Kaniandikia na orodha: mbegu za chia, maziwa ya lozi, kale, brokoli. Nilipoulizia bei ya lozi nikaona bora ninunue uzi. Mume wangu naye kashasema yeye si mbuzi.

Nauliza basi: inawezekana kula hivyo kwa vitu vya masoko yetu? Nikiacha samaki na nyama kabisa nitapungukiwa nini? Na huu uchovu ni wa chakula kweli, au nafukuza kivuli? Nijibuni kwa vitu ninavyoweza kuvitia kikapuni nikatembea navyo kutoka Mgandini, si vya kuagiza Dar.

Bi_Mkubwa_wa_Sokoni:

Mwanangu, hiyo orodha mrudishie mwenyewe pamoja na gauni lake. Mie nauza mboga Mgandini, mikono yangu haijatoka kwenye mchicha tangu wanangu wako mgongoni.

Hiyo kale ni jamaa wa karibu wa sukuma wiki, na sukuma wiki inateremka kila uchao kutoka Lushoto. Chia ya nini na ufuta upo? Maziwa ya lozi ya nini na nazi ipo? Ila nazi nitairudia, ina maneno yake.

Usianze kwa kuacha kitu. Anza kwa kupindua sahani. Wewe mtu wa Tanga, mbaazi za nazi umezijua kabla hujaota meno. Tatizo letu tunazifanya kitoweo cha mahamri: mahamri matatu, mbaazi vijiko viwili. Pindua. Bakuli la mbaazi, hamri moja, au hamri uliache kabisa siku za kazi, uweke kipande cha muhogo wa kuchemsha. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini gramu 20 na ushee, na zile nyuzinyuzi zake zinafanya wanga uingie kwenye damu polepole. Chai ya sukari na andazi vinakupandisha haraka na kukushusha haraka. Wateja wangu wabeba mizigo wanalijua hilo bila kusoma popote, ndiyo maana asubuhi utawakuta kwenye sufuria la mbaazi.

Badala ya mahamri kuna viazi vitamu, magimbi, na shelisheli likiwepo. Ukikuta viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, usiviache, vina vitamini A kwa wingi. Na fenesi ukishalila usitupe kokwa. Chemsha na chumvi kidogo, mpe mumeo, atazila zote bila kuuliza ni za mbuzi au za nani.

Sasa majani. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, mchunga. Kila siku badilisha, usikae kwenye mchicha mwaka mzima. Mchunga uchungu wake unaujua: unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza, unauunga kwa nazi na nyanya. Kula na bada, ule ugali wa muhogo, chakula cha wazee wetu hicho, na mumeo nakuhakikishia atatulia. Wapo wanaouza mchunga kwa maneno kwamba unaponya sukari na malaria. Mie nauza mchunga na sisemi hivyo. Ni mboga, na ni mboga nzuri.

Upishi ndio unaowaponza wengi. Mtu ananunua mchicha mbichi kabisa, anaukata kwanza halafu anauosha, kisha anauchemsha mpaka unageuka rangi ya majani makavu na maji anayamwaga. Vitamini C imeondoka na maji, na iliyobaki imeuawa na moto. Osha kwanza, kata baadaye, maji kidogo, funika, dakika chache toa. Na magadi acheni jamani! Yanalainisha upesi, kweli, lakini yanaharibu vitamini C na B1. Kisamvu peke yake ndicho hakitaki haraka: kitwangwe vizuri na kichemke sana, sufuria likiwa wazi, maana majani ya muhogo yana sumu ya sianidi na njia ya kuitoa ni hiyo. Asikudanganye mtu wa vyakula vibichi ukasage kisamvu kwenye juisi.

Matunda: watu wanakimbilia matufaa ya kutoka nje, yenye kibandiko, na pera linaoza chini ya mti. Kwa uzito ule ule pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa. Machungwa ya Muheza nayo yale na nyama yake, usikamue. Ukikamua machungwa manne ukachuja, umekunywa sukari ya manne na nyuzinyuzi umewatupia kuku.

Nazi niliyoahidi. Mafuta yake mengi ni yale yanayoganda, na si mazuri kwa moyo yakizidi. Sikwambii uache, nitafukuzwa Tanga. Pikia tui jepesi, kasimile, lile tui zito la kwanza, weka siku ya wageni.

Boda_Makorora:

Bi Mkubwa shikamoo. Heshima yako naijua, ila hapa tuseme kweli. Mtu wa kazi nzito majani hayamshiki. Mie nikila mboga na mapapai, saa tano natetemeka kwenye pikipiki. Dada fundi, kula ugali wako na samaki, lala mapema, shida imekwisha. Haya mambo ya mimea ni ya watu wa Raskazone wenye muda.

Bi_Mkubwa_wa_Sokoni:

Marahaba mwanangu. Nani kakwambia ule majani matupu? Ulikula mboga na papai ukaacha kunde, muhogo na ugali, ukitetemeka umlaumu nani. Ugali kula. Ila ule wa dona.

Shangazi_wa_Lushoto:

Naunga mkono dona, na niongeze jambo ambalo watu wa mjini hawaliwazi. Sembe imekobolewa, ganda na kiini vimekwenda kuwa pumba za kuku, na humo ndimo mlimokuwa nyuzinyuzi, madini na sehemu kubwa ya vitamini B. Lakini kwa sababu kiini kina mafuta, unga wa dona hauvumilii kukaa, unachacha. Usinunue gunia. Nunua mahindi, yachague, peleka mashine kidogo kidogo.

Kuchagua si urembo. Mahindi yaliyovunda au yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na ukiyasaga dona unakula kila kitu kilichomo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au yenye vumbi la kijani, tupa. Karanga pia hivyo hivyo, hasa zile za bei ya kutupa. Na usiipike ukidhani moto utaimaliza, haimalizwi na moto wa jikoni.

Parachichi zetu nazo msizisahau, robo yake kwenye kachumbari inatosha.

Muuguzi_Mstaafu:

Dada fundi, wenzangu wamemaliza ya sokoni, mimi niseme ya mwilini.

Ukiacha samaki, nyama, mayai na maziwa vyote, kitakachokosekana kwa hakika ni vitamini B12. Mimea haina, iwe ya Lushoto au ya Marekani. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtu anaacha leo, anajisifu mwaka mzima, halafu baadaye sana miguu inaanza ganzi na damu inapungua. Anayetaka mimea peke yake lazima atumie vidonge vya B12 au chakula kilichoongezewa. Wanaomeza metformini kwa ajili ya sukari wawe macho zaidi, maana dawa hiyo nayo hupunguza ufyonzwaji wa B12. Mimi kwa hali yako nisingekushauri uache. Dagaa na samaki kidogo mara chache kwa wiki, sahani iliyobaki iwe ya mimea, hapo huna unachopungukiwa kirahisi.

Pili ni madini ya chuma. Yapo kwenye majani na kunde, lakini mwili unayachukua kwa shida kuliko ya nyama. Kamulia ndimu juu ya mboga, au kula pera baada ya chakula, yataingia vizuri zaidi. Na chai usiinywe pamoja na mlo. Chai ya rangi hata ya maziwa huzuia madini hayo. Subiri saa nzima hivi. Hilo moja tu, kwa mwanamke anayepata hedhi, lina uzito kuliko chia ya gunia zima.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kijiko chako cha pembeni hakifiki hata robo ya hapo. Viazi na muhogo havihesabiwi humo.

Sasa ulilouliza mwisho. Uchovu wa saa nane unaweza kuwa wa chakula na joto la Tanga na maji machache unayokunywa ukiwa umeinama siku nzima. Unaweza pia kuwa upungufu wa damu, au sukari, au kitu kingine. Kabla hujabadilisha jiko, kapime wingi wa damu na sukari. Ukikutwa na ugonjwa wa figo, au ukiwa unatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, haya ya majani mengi, ndizi na madafu usiyafuate bila kumuuliza daktari wako, yana hesabu yake.

Fundi_Ngamiani:

Shikamooni wote, na ahsanteni. Boda nawe ahsante, umeniokoa kuuliza swali lako mwenyewe. Kwa hiyo samaki wangu siachi, chai naitenga na chakula, na kupima nakwenda wiki hii kabla oda za harusi hazijanibana. Swali dogo kwa Bi Mkubwa: mbaazi kavu zinanimalizia mkaa. Nizifanyeje?

Bi_Mkubwa_wa_Sokoni:

Loweka usiku, asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine. Hata tumbo halitanguruma sana. Nyanya na ndimu usitie mpaka ziive, vitu vichachu vinazifanya zikaze. Pika sufuria kubwa mara moja, ugawe. Walio na friji wagandishe, wewe mpe jirani nusu, kesho akupe zake. Na ukija sokoni kwa mchunga njoo kabla ya saa mbili, unakwisha mapema.